Baba Yuko Langoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mahusiano alitazama viatu vyangu kwanza, halafu cheti.

"Wewe ndiye wa historia?"

"Ndiyo, bosi."

"Karibu. Ila hapa tunachimba dhahabu. Watemi wa kale hatuchimbi."

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka. Mtu akikukaribisha kwa utani hajakufukuza.

Ilikuwa Katoro, ghorofani juu ya duka la simu, bodaboda zikinguruma chini mpaka unarudia sentensi mara mbili. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na waliostaafu. Mimi mkataba wangu umekwisha juzi, wameniaga kwa soda na kofia, kwa hiyo nimestaafu kwa mara ya kwanza, mvi bado zinakuja. Nawaandikia wadogo zangu wa Didia, ambao kila nikienda nyumbani wananiuliza: hivi historia ya chuo inampeleka mtu wapi? Wa jiolojia hawaulizwi.

Mimi ilinipeleka makaburini.

Nilisoma stashahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, nikakaa nyumbani nikisubiri ajira huku nikipalilia dengu. Ndipo kampuni moja ndogo ya uchimbaji ikatafuta mtu wa kuzungumza na wazee. Kabla shimo la mgodi halijafunguliwa, watu huhamishwa, na kabla ya kuhamishwa hufanyika tathmini: nyumba, mihogo, mipapai, vyote huandikwa. Makaburi pia, ili wafu nao wahame kwa heshima. Hayo ndiyo yalikuwa yangu. Nilitembea porini na Bwana Mpimaji. Yeye amebeba kifaa chake cha kupimia, mimi nimebeba maswali.

Siku moja mjane mmoja mzee, Mama Shija, alitusimamisha njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yangu yuko humo." Akaonyesha vichaka na vilima vya magwangala, yale mawe ambayo wachimbaji wadogo huyatupa kando ya mashimo yao. "Msimpitishie katapila."

"Kaburi lake liko upande gani?" Mpimaji akauliza.

"Pamenipotea. Tulihama hapa nikiwa msichana, na nchi yenyewe wameshaipindua."

"Lina saruji? Msalaba? Hata mawe?"

"Halina kitu."

Mpimaji akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, katapila linaingia Jumatatu. Nisipoona kitu, nitapima nini?"

Tulizunguka siku nzima tukitafuta tuta, shimo lililodidimia, jiwe lililosimamishwa. Hakuna. Mama Shija alitufuata nyuma, na kila tulipopita kilima cha mawe alikigusa, kama anakiuliza. Mimi roho iliniuma. Nikawaza, wa jiolojia angekuwa na mashine. Mimi nina nini?

Ndipo nikakumbuka masimulizi. Chuoni ndivyo tulivyoita historia inayotoka mdomoni mwa mtu. Mkufunzi wetu alikuwa akisema, mzee akishindwa kujibu swali lako, liache, muulize siku zake zilivyokuwa.

"Mama, ulipokuwa msichana, asubuhi ulianza na kazi gani?"

"Kuzoa samadi zizini. Kwani kulikuwa na nyingine?"

"Ukitokea wapi?"

"Nyumba ya mama. Hapo kwenye manyara." Miti ya manyara, ua wa boma lao la zamani, bado ilikuwepo upande mmoja, imerefuka hovyo bila mtu wa kuipogoa.

"Nionyeshe ulivyokuwa ukienda."

"We mtoto nawe! Nicheze utoto mbele ya huyu mwenye mtambo?"

"Mimi sitazami, mama," Mpimaji akasema, na kweli akageuka.

Mama Shija akakaza kanga. Akainua mikono kama ameshika tenga kichwani, akaanza kutembea. Hatua zikawa nyepesi. "Jua linanipiga shavu hili," akasema, akigusa la kushoto. "Hapa nanyata, fahali wa baba ni mkali. Hapa ndani sasa."

Tulikuwa tumesimama kwenye nyasi nene za kijani. Kote kulikuwa na udongo mwekundu, hapo ni mweusi. Mpimaji akauvuruga kwa vidole, akanitazama. "Samadi."

"Na lango, mama? Ng'ombe walitokea wapi?"

Akasogea kidogo, akasimama. Akavua kandambili.

"Baba yuko langoni."

Kwa ukoo wao, mwenye boma akifa alizikwa kwenye lango la zizi, kisha ng'ombe wake wakapitishwa juu yake, jioni baada ya jioni, mpaka ardhi ikalala tambarare. Ndiyo heshima yenyewe. Sisi tulitafuta kilichoinuka, na watoto wake walikuwa wamefanya kazi ili kisionekane.

Jumamosi wazee wa ukoo walikuja na majembe wakachimba polepole, asubuhi kabla ya jua kali. Mifupa ilipojitokeza, Mama Shija alipiga magoti.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma. Mpimaji alivua kofia.

Bosi akaahidi kaburi jipya la saruji na vigae. Mama Shija akakataa. Alitaka lango la zizi la mwanawe Shija, huko walikohamia.

"Bila alama? Wakubwa wakija kukagua niwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe ng'ombe."

Bosi akanigeukia, nikadhani nimekwisha. Akasema, "Haya, wa historia. Uandike vizuri."

Sasa nina kofia na muda. Naota kuzunguka mahame yote, makazi yaliyoachwa, kuanzia Bugarama hadi Geita, niwaulize watu asubuhi zao. Nani atanilipa, sijui. Lakini wadogo zangu, mimi mwenyewe ndio kwanza nataka kujua historia inaishia wapi.

Juzi nilipita kumuaga Mama Shija. Ng'ombe walikuwa wanarudi, tukasubiri waingie wote, vumbi likatulia.

"Umepaona?" akaniuliza.

Nikatazama langoni. Alama za kwato tupu.

"Sioni kitu, mama."

"Eeh," akasema, akatabasamu. "Basi tumemzika vizuri."