Lumbesa ya Lukmani

Mgongo wa mume wangu Ladislaus, kuli wa korosho pale Newala, naujua kuliko ninavyoujua uso wake. Enzi za ushirika alibeba magunia ya kawaida, akarudi nyumbani anacheka. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, akaja Lukmani na lumbesa zake: gunia linashindiliwa kwa mti mpaka linavimba, kisha linashonewa kofia juu. Mkulima anapunjwa, kuli anavunjika. Msimu wa pili Ladislaus alishindwa kuinuka kitandani.

"Mgongo, mgongo! Sema umechoka kazi," Lukmani alimwambia mbele ya watu. Akamtoa kwenye ubebaji, akamweka kushindilia na kushona. Mimi nauza uji nje ya ghala, nilisikia yote. Nilimchukia yule mtu hadi nikawa naota anaanguka.

Siku moja ya Desemba mvua ikatanda, lori halijajaa, na makuli wakagoma kubeba lumbesa. Lukmani akavua koti.

"Wanaume gani nyie? Baba Gasper, nitwike!"

Ladislaus, ndiye huyo Baba Gasper, akachagua gunia aliloshindilia mwenyewe. Husseni, kuli mwenzake, akashika chini, yeye akashika juu, wakamtwika bosi kwa adabu zote. Kwa makuli wetu, uliyemwita akutwike ndiye atakayekutua. Mkono mwingine hauingii, usije ukayumbisha mzigo.

Katikati ya ubao wa kupandia lori, magoti ya Lukmani yakaanza kucheza.

"Nitue! Baba Gasper, nitue!"

Husseni akakunja mikono.

"Nakuja, bosi," Ladislaus akaitikia, mkono kiunoni. Akavuta mguu, akahema, akavuta mwingine. Watu wakaangua kicheko. Kabla hajaufikia ubao, Lukmani alikuwa chini, gunia limemlalia kiunoni, anamlilia mama yake. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilicheka mpaka nikamwaga uji.

Lukmani hakusimama tena wima, na msimu uliofuata hakuonekana Newala. Makuli mpaka leo wanamsifu mume wangu kwa vile alivyojikokota makusudi. Naye anakubali, anacheka nao. Lakini mimi ndiye ninayemwinua kitandani kila asubuhi, najua mwendo wake.

Siku ile, kwa mgongo ule, Ladislaus alikuwa anakimbia.