Mafuta ya Trekta Yaliyonukia Jikoni

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuuma, Salu Mboje anafunga kamba kuzunguka kona ya uwanja wake. Kamba inaanzia kwenye uzio wa minyaa, inapita nyuma ya choo, inaishia kwenye gurudumu bovu la trekta. Kuku wanapita chini yake. Watoto hawaruhusiwi.

"Hii kamba siyo mapambo," anasema akikaza fundo. "Mtoto akivuka naacha kazi, namtoa kwanza, ndipo narudi."

Anavaa glavu ndefu za mpira, anajifunga kitambaa puani, anainamia pipa. Ndani kuna mafuta ya uvuguvugu. Anayakoroga kwa mti mrefu, taratibu, bila kupumzika. Ukisogea karibu unasikia harufu ya maandazi, lakini hapa hakuna anayekaanga kitu. Hayo ni mafuta ya kuendeshea trekta.

Salu, mama wa watoto wanne anayeishi pembeni mwa mji wa Bariadi, hutengeneza dizeli kutokana na mafuta ya mbegu za pamba. Wenye elimu yake wanaiita biodizeli. Mtaani wanaiita mafuta ya Mama Fredrick, kwa jina la mwanawe mkubwa. Mumewe Thomasi huyatia kwenye trekta la zamani linalovuta tela la pamba kutoka Nkoma hadi viwanda vya kuchambua pamba vya mjini. Msimu ukiisha, trekta hilohilo hupeleka mahindi na mpunga stesheni ya Malampaka.

Kazi hii ina faida, na faida zenyewe mtu anaziona kwa macho. Lakini mwaka jana nusura iue mtoto wa jirani. Kwa hiyo kila mama mwenye dumu la mafuta jikoni asome mpaka mwisho.

Salu alizaliwa Nkoma, kwenye familia ya wakulima wa pamba, akaishia darasa la saba. Anakumbuka enzi za ushirika, baba yake alipokuwa akipima pamba ghalani na kurudi nyumbani na stakabadhi. Mbegu hawakuziona tena. Zilikwenda kwenye kiwanda, na mafuta yalirudi dukani kwa bei ya dukani.

Soko lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake. Nyuma yao zikaja mashine ndogo za kukamua mbegu. Leo mafuta ya pamba yanauzwa kila kona ya Bariadi, kwenye madumu ya njano. Mama gani hapa hana dumu la njano?

Miaka michache iliyopita wakaja watu wa mradi wa mbono. Waliwaambia wakulima wapande mbono kwenye mipaka ya mashamba, kwamba mbegu zake zitanunuliwa zitengenezwe dizeli. Watu wakapanda. Mradi ukafanya semina, ukagawa fulana, halafu ukaondoka kimya. Mibono ipo mpaka leo na mnunuzi hajaonekana. Wazazi wajue pia kwamba mbegu za mbono ni sumu, ingawa mtoto akizimenya huzifananisha na karanga.

Salu alibaki na kitu kimoja kutoka semina ile, nacho ni namna ya kugeuza mafuta kuwa dizeli. Akajiuliza kwa nini ahangaike na mbono wakati pamba imejaa mlangoni.

Mafuta safi ya kula hayagusi. Hapo ana msimamo, maana akina mama walianza kumsema mapema kwamba anachoma mboga za watu kwenye trekta, na mwaka ambao pamba ni haba mafuta hupanda bei. Yeye hununua mashapo yanayobaki chini ya matangi ya wakamuaji, na mafuta yaliyochakaa ya wauza chipsi, yale meusi ambayo yangemwagwa mtaroni.

Huyachuja kwa kitambaa, huyachemsha mpaka maji yaishe, kisha huyaacha yapoe. Ndipo anapotia kostiki soda, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwenye methanoli. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, ukiitazama unadhani ni maji, na mtu akiinywa inaweza kumpofusha au kumuua. Baada ya kukorogwa, mafuta huachwa yatulie. Kitu kizito cheusi kama uji wa ulezi hushuka chini, dizeli hubaki juu. Dizeli hiyo huoshwa kwa maji, kisha huchemshwa tena ikauke.

Thomasi hakuamini mwanzoni. Alimwambia mkewe kwamba trekta siyo mtu, halili chipsi. Sasa ndiye msifiaji mkubwa.

"Zamani nikishuka kwenye trekta jioni natema mate meusi," anasema. "Siku hizi moshi ni mwepesi. Tatizo nikipita sokoni watu wanashikwa na njaa. Juzi mama mmoja kanisimamisha, kaniuliza kama kwenye tela nimebeba kuku wa kukaanga."

Dizeli ya sheli mjini imeshapita shilingi elfu mbili kwa lita. Ya Salu, ukihesabu mashapo, spiriti, soda na kuni, inamgharimu kama elfu moja na mia nne. Na ikimwagika shambani haiui udongo kama ile nyingine.

Shida zake hazikosekani. Marcelo, fundi wa trekta hilo, anasema mafuta haya huosha uchafu wa miaka yote uliogandia kwenye tangi na kuuleta kwenye filta. Mwezi wa kwanza walibadilisha filta mpaka wakachoka. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta nayo ilivimba na kuvuja. Na pipa likikosewa, injini inakohoa kama mzee mwenye pumu. Marcelo anawashauri wenye magari mapya wasijaribu mambo ya uani.

Hayo ni ya fundi, na fundi huyarekebisha. Lililotokea Juni ya mwaka jana halikuwa la fundi.

Felisita, jirani wa Salu, alikuwa anapokea wageni waliokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari ya binti wa shemeji yake. Kwa desturi ya huku, ukiwa na ugeni wa namna hiyo jiko la jirani ni jiko lako. Sufuria, mwiko, chumvi, mafuta, unaingia unachukua, utasema baadaye. Kusimama mlangoni kuomba ni kama kumwambia mwenzako kwamba unamwona mchoyo.

Salu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nkoma kumpelekea Thomasi chakula, wanakopakia pamba. Nyumba aliiacha kama inavyoachwa siku zote, mlango umerudishiwa tu. Felisita akaingia, akakuta madumu mawili ya njano barazani. Akachukua la karibu, akafungua kizibo, akanusa. Yalinukia mafuta ya pamba.

Yalikuwa dizeli ambayo haijaoshwa. Spiriti ilikuwa bado imo ndani.

"Kikaangio kilipopata moto, mafuta yalitoa povu, halafu moto ukaruka mpaka kwenye paa la jiko," anasimulia Felisita. Anakunja mkono wa gauni na kuonyesha kovu kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. "Tukasema yameingia maji. Si unajua mafuta yenye maji yanavyoruka? Tukayaacha yatulie, tukaendelea kukaanga."

Yeyote aliyepika maisha yake yote angesema vivyo hivyo. Maandazi yakatoka na rangi nzuri. Na kama ilivyo kila nyumba, walioonjeshwa kwanza ni watoto.

Salu aliporudi alasiri aliliona dumu moja tu. Akakimbilia kwa Felisita. Alikuta watoto watatu wanatapika nyuma ya nyumba, na Nancy, mtoto wa mwisho wa Felisita, amelala mapajani mwa bibi yake na hataki kufumbua macho. Wageni wa mahari walikuwa wamekaa na soda zao mkononi.

Hakuficha. Aliwaambia palepale kilichokuwamo kwenye dumu, akabeba dumu lenyewe, wakaenda hospitali kwa bajaji. Kuna mama alikuwa ameshaanza kuwanywesha watoto maji ya chumvi ili watapike zaidi. Daktari aliwakanya vikali, akasema sumu kama hiyo ikipanda tena inaweza kuingia mapafuni. Wazazi tushike hilo: usimtapishe mtoto, mkimbize hospitali, na chombo alichonywea au kupikiwa kiende naye. Daktari alisema lile dumu liliwasaidia kujua waanzie wapi, na ndiyo maana walipima macho mapema.

Wale watoto watatu walirudi nyumbani usiku uleule. Nancy alilazwa. Alipona, anaona vizuri, na siku tuliyofika alikuwa anaruka kamba na wenzake, upande wa kwao.

Kikao cha mtaa kiliitishwa juma lililofuata. Wengine walitaka kazi ifungwe kabisa. Thomasi alijitetea kwamba hata dizeli ya sheli ni sumu, na hata mafuta ya taa yanaunguza watoto kila mwaka, mbona maduka hayafungwi. Watu walianza kuelekea upande wake. Kisha Felisita akasimama, mkono bado umefungwa bendeji.

"Mafuta ya sheli mtoto akiyanusa anakimbia," alisema. "Ya kwako, Mama Fredrick, anayanusa anakuja."

Salu anasema hakuna mtu aliyewahi kumweleza kazi yake vizuri kuliko hivyo. Kile wanachokisifu wote, usafi na harufu nzuri, ndicho kilichomdanganya Felisita. Kikao kilimruhusu aendelee kwa masharti: madumu ya njano marufuku, spiriti ifungwe kwa kufuli, na baada ya mavuno ya mwaka huu ahamishe kazi mbali na nyumba za watu.

Yeye alitaka zaidi ya masharti. Alinunua rangi ya kutilia mikeka ili dizeli iwe nyekundu. Rangi ikazama yote chini, kwa sababu rangi ile inataka maji, mafuta haiyapendi. Akafikiri, akaenda sheli. Sasa kila pipa likishaoshwa na kukauka, kabla hata halijapoa, anamimina humo dizeli ya kawaida kiasi cha sehemu moja kwa nne, mpaka harufu ya maandazi ife kabisa.

Marcelo hapendi. Anasema mama anachafua alichokisafisha. Moshi umeongezeka kidogo, na gharama imepanda. Thomasi naye alinung'unika, akasema sasa wanalipa hela ili mafuta yanuke.

"Nilimwambia yanuke," anasema Salu. "Yanuke mpaka mtu aseme hapa pananuka sheli. Wewe ulikuwa Nkoma, hukumwona Nancy amelala vile."

Kati yake na Felisita hakuna ugomvi wa maneno. Wakikutana njiani wanasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama, kila mmoja anaulizia watoto wa mwenzake. Gharama ya hospitali Salu na mumewe waliibeba, na Felisita hakudai zaidi. Lakini tangu siku ile Felisita hajaingia ndani ya uzio wa Salu, na wanawake wengine wa mtaa wamefuata nyayo zake. Hakuna anayekuja kuchukua mwiko. Hakuna anayetuma mtoto kufuata chumvi.

"Ulizia hata kwa wazee wa Nkoma," anasema Salu, akivua glavu moja. "Nyumba ambayo jirani hachukui kitu, hiyo watu wake wameshahama, wamebaki kuta. Mimi ningekuwa na mtoto mgonjwa leo, sijui ningeanzia mlango gani."

Felisita naye hazungumzi kwa chuki. Anasema Salu alimwokolea mtoto kwa kusema ukweli haraka, wengine wangeficha dumu. "Simchukii hata kidogo. Lakini kila nikiwaza kuingia barazani pale, nanusa," anasema. "Ahamishe kwanza. Nikiona moshi unatoka kule shambani, na huku kwake unatoka wa jikoni peke yake, nitaingia."

Shamba lenyewe lipo njia ya kwenda Lagangabilili, mbali na nyumba. Thomasi ameshafyatua tofali za kibanda, ziko juani zinakauka. Kitakuwa na mlango wa bati, kufuli, na matangi ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi. Salu anatarajia kuhama pamba ikishauzwa. Akipata mashapo ya kutosha, anataka kuwauzia pia wenye matrekta wawili wa Nkoma ambao wamekuwa wakimuulizia, na amewaambia wazi kwamba atakayekuja na dumu la njano atarudi nalo tupu.

Jikoni kwake ameshabadilisha. Mafuta ya kula anayaweka kwenye chupa inayoonekana ndani, juu ya rafu, mkabala na mlango.

Akiulizwa kwa nini asiwaambie tu majirani waulize kabla ya kuchukua, kama akina mama wengi wanavyofanya siku hizi mijini, Salu anaegemeza mti wake wa kukorogea kwenye pipa.

"Waulize, ndiyo, mpaka nihame," anasema. "Nikishahama, sitaki Felisita aniulize. Nataka mlango wangu ubaki kama ulivyokuwa, aingie nikiwa sipo, achukue, akakaange."