Majivu, Si Maji

Jina la Mama Swali hakupewa na jirani wala na mkwe. Alipewa na redio.

Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sebuleni, imeelekea dirisha la mtaani ili apate mwanga, na juu ya kabati la vitambaa ilikaa redio ndogo iliyofungwa waya badala ya antena iliyovunjika. Redio ile ilishika vizuri stesheni moja tu, ile ya umma ya pale pale mjini, na yeye wala hakutaka nyingine. Asubuhi alikuwepo Bwana Shamba na kipindi chake, Bustani Yetu. Wakati wa kuinjika chakula kilikuja Sufuria Mezani. Alasiri, muuguzi mmoja wa zahanati, ambaye watu wote walimwita Sista, aliendesha Afya Mlangoni. Mwisho wa wiki kulikuwa na Tulikotoka, kipindi cha nyimbo za zamani na maneno yaliyosahaulika.

Laini za simu zilipofunguliwa tu, fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio akapiga. Kwa nini maharage ya jana yametoa povu na ya leo hayajatoa? Mtu akipiga chafya lazima afumbe macho. Sasa je, akiyang'ang'ania yabaki wazi? Na neno "kitanda", lina undugu na kutandika au yamefanana sura tu? Hakuuliza ili aonekane. Alitaka kujua, basi, na jambo asilolijua lilimkaa kama uzi uliokwama kwenye meno.

"Haya, mwenzetu wa kwanza leo ni nani?" mtangazaji alikuwa akisema. "Msiniambie ni Mama Swali."

"Ndiye mimi, mwanangu."

Mtaa ulicheka, na jina likaganda.

Mumewe tu hakucheka. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha uchapaji, katikati ya mitambo inayonguruma kutwa, na alipostaafu alirudi nyumbani na ukimya wake. Fundi akisema jambo, mzee alitikisa kichwa au alijibu kitu kisichoingia wala kutoka. Mwaka uliopita alimwambia, "Dada yangu kalazwa." Mzee alitabasamu, akasema, "Vizuri, vizuri sana," akachukua jembe lake akaenda zake nyuma ya nyumba. Fundi alilia peke yake juu ya gauni la mteja. Dada alipona, lakini tokea siku ile maneno ya mke kwa mume yakapungua, yakabaki chakula tayari, maji ya kuoga tayari, nani kafunga mlango.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kidogo, na mzee alikuwa amekigeuza bustani. Hapo ndipo alipoonekana hai. Kila asubuhi aliingia sebuleni, akaongeza redio mpaka kabati likatetemeka, akamsikiliza Bwana Shamba huku ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kunong'onezwa. Nyanya zake zilistawi. Kisha ghafla majani yakawa ya njano, mashina yakalainika chini, na miche ikaanza kulala mmoja mmoja.

"Vipi tena?" fundi aliuliza, maana hilo nalo alitaka kulijua.

"Nimefanya alivyosema Bwana Shamba," mzee alisema kwa uchungu. "Ukiona wadudu, maji kwenye shina, asubuhi na jioni. Sijakosa hata mara moja."

Fundi alikumbuka kumwona akimwagilia huku mvua inanyesha. Aliona ajabu, lakini naye kuhusu nyanya alijua kuzikata tu. Kesho yake simu zilipofunguliwa, akapiga.

"Bwana Shamba, leo sina swali. Nina mashtaka."

"Mungu wangu. Mashtaka, Mama Swali?"

"Umetuulia nyanya. Mume wangu kakufuata neno kwa neno. Ulisema maji asubuhi na jioni, naye kamwaga maji asubuhi na jioni, hata siku ya mvua. Sasa zimelala chini kama nguo zilizoanguka kwenye kamba."

"Mama," Bwana Shamba alisema taratibu, "mimi nilisema majivu."

"Nini?"

"Majivu. Ya jikoni. Fundi mitambo, tunacho kipindi kile? Hebu tuwekee."

Mzee alikuwa amekwisha kuja, amesimama na sikio karibu na redio kiasi cha kuigusa. Rekodi ikapigwa. Fundi alisikia wazi kabisa, kila herufi mahali pake: majivu kidogo kuzunguka shina, asubuhi na jioni. Akajiandaa kumwomba radhi mtangazaji mbele ya mji mzima. Kabla hajafungua mdomo, mzee alijipiga paja kwa furaha ya mshindi.

"Umesikia? Maji! Kasema mwenyewe!"

Fundi alimtazama. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

"Nitapiga baadaye, mwanangu," alisema kwenye simu, akakata.

Siku zile zilizofuata alishona vibaya. Alipachika kola kichwa chini. Mzee akiwa amempa mgongo, fundi alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Nyumba inaungua." Mzee akajibu, "Weka tu mezani." Fundi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamkauka. Akajaribu tena kutoka mlangoni. Akajaribu na redio imezimwa. Mara nyingine mzee alipata, mara nyingine alikosa, na alipokosa hakuuliza "umesemaje?" Alijibu jambo lolote, haraka, kama mtu anayefunika sufuria isije ikafurika.

Kumpigia Sista hakuweza. Sauti yake ilijulikana hadi sokoni. Angemwanika mume wake mchana kweupe. Kwa hiyo alivaa viatu vya kutokea, akaenda mwenyewe.

Stesheni ilikuwa juu ya duka la rangi na misumari. Alipanda ngazi kwa hamu, maana kwa miaka yote aliyokuwa akipiga simu hakuwahi kufika, na alitaka kuona. Kilikuwa chumba kidogo chenye joto. Ukutani walikuwa wamebandika vipande vya godoro ili sauti isirudi, wakavifunika kwa kitambaa kilichoshonwa hovyo, mishono imepinda. Kijana mwembamba mwenye miwani alitoka na kikombe cha chai, akamsalimia, "Shikamoo mama, karibu." Ilitoka sauti ya Bwana Shamba. Fundi, aliyekuwa amemwazia mtu wa miraba minne mwenye tumbo, alishika ukuta kwa kicheko.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mwenye mashtaka."

Bwana Shamba alishusha kikombe. "Mama, nyanya zile zimeninyima raha."

"Ziache zipumzike. Namtaka Sista."

Sista alikuwa akila mkate kabla ya kipindi chake. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu, kwa mara ya kwanza, Mama Swali akageuka kuwa wa kuulizwa.

"Redio anaiongeza?"

"Mpaka kabati linacheza."

"Anakuelewa zaidi akikutazama usoni?"

"Sijui. Hanitazami sana."

"Wewe ukiongea naye unakuwa wapi?"

"Kwenye cherehani."

"Inaenda?"

"Si kazi hiyo, Sista? Inaenda."

"Imeelekea wapi?"

"Dirishani," fundi alisema, na sauti ikaanza kumpungua. Maana alijiona sasa: amempa mume mgongo, cherehani inalia, redio juu, na mdomoni pini tatu nne za kubania pindo. Hata yeye mwenyewe asingeisikia sauti yake.

"Mlete kliniki ya masikio," Sista alisema. "Huenda ni nta tu. Huenda ni ile mitambo ya uchapaji. Lakini kwanza ongea naye, na umtazame."

Alipofika nyumbani alizima redio. Alifunika cherehani. Akavuta kiti akakaa mbele ya mzee, magoti yanakaribia kugusana, jambo ambalo lilimtia mzee wasiwasi.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nikuulize. Unanisikia?"

"Nakusikia sana."

"Sasa, ndiyo. Na nikiwa nashona?"

Mzee aliangalia mikono yake. "Ukiwa unashona huongei siku hizi."

"Naongea."

"Unaongea?" Alisema kama aliyeambiwa kwamba kuna chumba ndani ya nyumba ambacho hakijui. "Mimi nilidhani umeninyamazia. Tangu nistaafu. Nikasema labda kachoka kuniona mchana kutwa."

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyenichoka."

Mtaani mtu alipita akiuza mifagio. Kisha mzee akaanza kusema, na alikuwa hajasema vile siku nyingi. Alimwambia kwamba kule kwa kinyozi, walikokuwa wakikutana wastaafu, aliacha kwenda kwa sababu ya aibu. Wenzake wakicheka, naye alicheka kwa kuwafuata. Siku moja akawahi kucheka, kumbe mwenzao alikuwa anaeleza alivyofiwa.

"Sikurudi tena," alisema.

Fundi alimshika mkono. Akaona liishe lote siku hiyo hiyo. "Dada yangu alipolazwa nilikuambia. Ukasema vizuri sana."

Mzee alishtuka mpaka kiti kikalia. "Alilazwa? Lini? Mimi nilisikia kaolewa!"

"Dada yangu? Na umri ule?"

"Ndiyo maana nikasema vizuri sana!"

Walicheka hadi mteja aliyekuja kuchukua suruali yake akasita mlangoni, akadhani ameingia nyumba siyo.

Kwenye kliniki mtaalamu alimulika masikio yote mawili kwa tochi ndogo, akatia dawa ya matone, na baadaye akatoa nta nyingi ambayo fundi aliomba kuiona. Alionyeshwa. Kisha mzee aliketishwa kwenye chumba kimya, akavishwa vitu vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Fundi alisimama nje ya kioo. Alisikia milio mingine ikipenya kwa mbali, nyembamba kama ya mbu, na akamwona mumewe ametulia, kidole juu ya kitufe, anasubiri kitu kilichokwisha kupita. Hapo alitamani angekuwa hajui.

Mtaalamu aliwaeleza kwamba kelele za miaka mingi huchukua kwanza sauti nyembamba. Herufi kama f, s na v ndizo zinazotangulia kupotea.

"Kwa hiyo majivu," fundi alisema pole pole.

"Yanabaki maji, mama."

Ilibidi wangoje hadi kifaa cha kusikilizia kilipopatikana. Siku waliyokwenda kukichukua, mtaalamu alikipachika nyuma ya sikio la mzee, akakirekebisha, akamwambia asitegemee miujiza. Makelele yatamsumbua mwanzoni. Kweli yalimsumbua. Njiani alishtuliwa na mfuko wa nailoni, akashtuliwa na funguo za fundi. Walipofika kwenye njia ya vigae alisimama, akageuka nyuma, akatembea, akasimama tena.

"Nani anatufuata?"

"Hakuna mtu."

"Kuna kitu kinalia. Kwii, kwii."

"Ni viatu vyako."

Mzee alivitazama. Akapiga hatua moja, akasikiliza, akapiga nyingine. "Tangu lini?"

"Tangu uvinunue."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia," fundi alisema.

Mzee akamshika mkono, akamzungusha polepole mpaka wakatazamana pale katikati ya njia, watu wakiwapita kulia na kushoto.

"Haya," alisema. "Anza upya. Umeniambia nini kingine?"

Fundi hakujua aanzie wapi. Akaanza na mtoto wao wa mwisho, aliyepandishwa cheo kazini, na mzee akamsimamisha kila baada ya sentensi mbili, akauliza lini, na nani, na ilikuwaje.