Kipenga Kabla ya Wakati

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi, wafagizi, hata wahadhiri wenye shahada ndefu kuliko subira zao, wote walimwita Mama Kipenga, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina hilo alilitolea jasho. Kipenga chenyewe kilikuwa cha chuma, kimefungwa kamba, hakibanduki shingoni. Mumewe, fundi cherehani na mtu wa maneno mengi, alipenda kuwaambia wateja kwamba siku ya harusi yao bibi harusi alivua shela kabla ya kuvua kipenga. Ulikuwa uongo, ila haukuwa mbali sana na ukweli.

Alipoajiriwa, ofisi ya michezo ilikuwa chumba cha kutupia viti vibovu. Alikabidhiwa funguo, mpira mmoja wa wavu uliokwisha pumzi, na uwanja ambao nyasi zake zilimfika magotini. Makamu mkuu wa chuo wa wakati ule alimwambia waziwazi kwamba chuo chake ni cha vichwa, si cha miguu. Mtu mwingine angekaa akanywa chai mpaka astaafu. Yeye alivitoa viti nje, akaazima fyekeo kwa watunza bustani, akaanza kufyeka uwanja peke yake huku wanafunzi wakimchungulia madirishani na kucheka. Siku chache baadaye wachache kati yao waliona haya wakashuka kumsaidia. Hao walioshuka ndio waliokuwa timu yake ya kwanza ya riadha, wapende wasipende.

Mumewe aliwashonea jezi kwa mabaki ya vitambaa vya mapazia, zikawa pana kiasi kwamba penye upepo mkimbiaji alikuwa kama anarudi nyuma. Mashindano ya kwanza ya vyuo walishika mkia. Ya pili wakashika mkia tena, ila safari hii angalau waliviona visogo vya waliowatangulia. Mama Kipenga hakuwa mtu wa kulia. Alikaa na kufikiri, akagundua kwamba vijana wake hawakukosa mapafu, walikosa subira. Huyu akimwona rafiki yake jukwaani anafyatuka, yule akihisi amedharauliwa anafyatuka, na wote wanaishia kulala njiani kabla ya mstari.

Ndipo akaweka sheria. Hakuna atakayekaza mwendo mpaka asikie kipenga, na kikilia, awe amechoka au hajachoka, afyatuke na asitazame nyuma. Yeye atasimama kwenye kona ya mwisho, atawapima wapinzani kwa macho, na wakati ukifika atapuliza. Kazi ya mkimbiaji ni miguu. Kufikiri aachiwe yeye.

Waliifanyia mazoezi sheria hiyo kwenye mvua na kwenye jua, mpaka ikawaingia kwenye mishipa. Kuna kijana aliyewahi kumwacha mchumba wake katikati ya barabara kwa sababu askari wa usalama alipuliza filimbi. Aliyeuliza kwa nini, alikaa benchi. Aliyekaza kabla ya kipenga, hata kama alishinda, alikaa benchi muda mrefu zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, Mama Kipenga alikuwa akisema, na aliwakunja kwelikweli. Matunda yakaja. Kwanza medali moja, kisha kombe, kisha njia ya kukimbilia ya mpira mwekundu, chumba cha mazoezi, mtaalamu wa viungo, na ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Makamu mkuu mpya alianza kila hotuba yake na riadha na kuimalizia na riadha, utadhani nyasi alizifyeka yeye. Kwa miaka minne mfululizo ubingwa wa vyuo haukutoka pale.

Mwaka wa tano mashindano yaliletwa nyumbani kwao. Nahodha wa timu ya wanawake alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho waliyemwita Kimya, maana maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiganja. Alikimbia mita elfu tano kama mtu anayekwenda dukani na kurudi. Mteuzi wa timu ya taifa, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa amekuja kwa ajili yake na hakuficha. Akimaliza vizuri siku hiyo, anaingia kikosini. Akimaliza chuo bila kikosi, atarudi kwao kutafuta kazi kama wengine, na miguu ile itaishia kupanda ngazi za ofisi.

Mbio zilianza vizuri. Kimya na wenzake wawili walikuwa mbele, wametulia, pumzi zao safi. Mama Kipenga alisimama kwenye kona yake. Ilikuwa imebaki mizunguko mitatu pale mpiga picha wa chuo, akirudi kinyumenyume ili makamu mkuu aenee kwenye picha yake, alipoingia katikati ya njia ya wakimbiaji. Mama Kipenga hakufikiri. Alimwona yule mtu, akaweka kipenga mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Mpiga picha aliruka pembeni. Na wasichana watatu wa Mama Kipenga wakafyatuka.

Jukwaa zima liliinuka kwa furaha, kwa sababu watu wa jukwaani wanapenda mtu anayekimbia sana na hawaulizi bado umbali gani.  Mama Kipenga alitaka kupiga kelele warudi, lakini hakukuwa na ishara ya kurudi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwafundisha ishara ya kurudi. Waliongoza kwa mbali mzunguko mmoja, wa pili wakaanza kuyumba, na wa mwisho waligeuka kuni. Wakapitwa na huyu, wakapitwa na yule. Kimya alimaliza wa kumi, akaenda kuinama pembeni ameshika magoti.

Ubingwa uliondoka kwa pointi zile zile walizozipoteza hapo. Makamu mkuu alikuja mbio na tai yake begani, mteuzi akimfuata taratibu.

"Kumetokea nini?" makamu mkuu aliuliza. "Mbona wamekimbia kama wamefukuzwa na nyuki?"

Hapo ndipo Mama Kipenga alipofanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anafumba macho. Alikuwa na jibu, lilikuwa linaning'inia shingoni mwake. Badala yake alisema, "Nahodha amekosea kuhesabu mizunguko. Wenzake wakamfuata. Tumewafundisha mara ngapi."

Mteuzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Miguu anayo," alisema. "Lakini mtu asiyejua kuhesabu mizunguko, mimi nimpeleke wapi?"

Kimya alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anafungua kamba za viatu. Alisikia kila neno. Aliinua uso, akamtazama kocha wake mara moja, akaendelea na kamba zake.

Jioni, wakiwa mezani, mumewe hakuligusa suala hilo mpaka alipomaliza kula. Alijua kumchokoza mkewe, na alijua pia pa kuacha.

"Mke wangu," alisema, "ile filimbi ilikuwa ya nini?"

"Filimbi gani?"

"Usijitie hamnazo. Nilikuwa jukwaani. Ilipolia, hata mimi na goti langu hili nilitaka kufyatuka."

Kwa kawaida angecheka. Alisukuma sahani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na si aibu ya kushindwa, maana kushindwa alikujua tangu enzi za jezi za mapazia. Alijionea haya kwa urahisi wa ule uongo. Ulikuwa umetoka bila kusitasita, kama kitu alichokuwa amezoea kukifanya.

Kesho yake alimkuta Kimya kwenye bomba nyuma ya chumba cha mazoezi, anasugua viatu vyake kwa mswaki wa zamani.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Alisimama. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saruji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwanafunzi. "Nikuulize kitu, mwanangu. Jana, kipenga kilipolia, ulijua imebaki mizunguko mingapi?"

"Mitatu."

"Una hakika?"

"Ubao ulikuwa unaonyesha, Kocha. Na mimi huwa nahesabu."

"Sasa kwa nini ulifyatuka?"

Kimya alisuuza kiatu, akakitazama ndani, akakiweka juani. "Kipenga kililia."

"Lakini ulijua si wakati."

"Mwaka wa kwanza niliwahi kukuuliza kwa nini, ukanikalisha benchi muhula mzima." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya mabasi. "Nikishindwa, wiki ijayo nakimbia tena. Nikikaidi, sikimbii. Wote tunajua hivyo. Wale wawili pia walijua ni mitatu."

Mama Kipenga alitafuta pa kuweka macho asipaone. Siku zote alijisifu kwamba amejenga timu. Sasa alimwona binti mzima, mwenye akili kuliko yeye katika umri ule, aliyejirusha shimoni huku analiona, kwa kumwogopa yeye. Na baada ya hapo yeye huyo huyo akamsingizia kwamba hakuliona shimo.

"Ulinisikia nilivyomwambia yule mzee," alisema.

"Nilisikia."

"Ulikuwa uongo."

"Najua, Kocha," Kimya alisema, akachukua kiatu cha pili.

Siku hiyo hiyo Mama Kipenga alipanda basi mpaka ofisi ya mteuzi. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu, lakini alipofika yalimpotea, akasema tu, "Binti hakukosea. Mimi ndiye niliyepuliza, nikamwangushia yeye." Yule mzee alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Alisema amekaa kwenye riadha muda mrefu na makocha wanaomjia kusema hivyo ni wachache. Mama Kipenga angefurahi kama angemfokea. Mwishowe mzee akasema Jumamosi kuna majaribio kwenye uwanja wa mjini, watachukua watatu wa kwanza, na binti aje.

Alirudi na habari hiyo kama mtu anayeleta mahari. Kimya alisikiliza, macho yakamng'aa.

"Asante, Kocha. Nitakwenda." Akasugua kidole gumba kwa kingine. "Ila naomba wewe usije."

Lilimchoma. Alikuwa amekwisha panga basi gani watapanda na kona gani atasimama. Alifungua mdomo atoe amri, akaufunga. "Sawa," alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko uongo wa uwanjani.

Jumamosi Mama Kipenga alishinda kutwa chumba cha mbele, ambako mumewe alishonea nguo za watu. Alikunja vitambaa, akavikunjua, akavikunja tena. Mumewe alimwambia kwamba akiendelea hivyo wateja watapokea makunyanzi badala ya suruali. Kipenga alikuwa amekiacha chumbani, na mara kwa mara mkono ulimpanda kifuani kukitafuta. Alijiambia kwamba safari hii amefanya lililo sawa. Amekaa mbali, amemwachia binti mbio zake. Mchana ulipozidi alianza hata kujisikia nafuu.

Simu ililia. Aliishika kwa mikono miwili.

"Nimekuwa wa nne, Kocha."

Alikaa chini. "Ilikuwaje, mwanangu?"

"Nilikuwa wa pili mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho. Miguu ilikuwepo, hata sikuwa nimechoka." Nyuma yake zilisikika sauti za watu na honi ya gari. "Tukafika kwenye kona. Nikageuza shingo."

"Uligeuka kutazama nini?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe." Sauti ya Kimya ilianza kukatika. "Nilijua hupo. Si mimi mwenyewe niliyekuambia usije? Lakini niligeuka tu, nikawa nasubiri. Wawili waliokuwa nyuma yangu wakanipitia hapo hapo."

Mumewe alikuwa amesimamisha cherehani.  Kila neno lililomjia Mama Kipenga lilikuwa amri: pumzika, kula, Jumatatu uwanjani. Aliyameza yote, moja baada ya jingine. Akachagua kumuuliza anachotaka, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mkimbiaji wake yeyote.

"Sasa wewe unataka tufanyeje?"



"Sijui, Kocha," msichana alisema. "Niambie wewe."