Shilingi Nne za Shaame

Wengine hujua walichonacho siku wanapokosa. Fundi Mkadam alijua chake kila ikiandama Rajabu. Siku ya kwanza ya mwezi huo hafungui duka lake la kushona kanzu pale Mkunazini. Hutandika mkeka ukumbini, akamwaga fedha zote za kwenye kibweta, akapima kila jora la kitambaa lililobaki, akafungua daftari la wadeni, akajumlisha. Mali ikifika kima alichotangaza Maalim Ame, imamu wa msikiti wao, hutoa zaka yake, shilingi mbili unusu kwa kila mia, na hangoji kukumbushwa. Alikuwa mbishi, na bei zake zilikuwa za kuudhi, lakini kwa hili hata mahasimu zake walinyamaza.

Mkewe, Bi Wanu, hakujua kusoma. Hesabu aliifuata kwa macho, kwa sababu Mkadam huzipanga fedha za zaka mafungu mafungu juu ya mkeka: fungu la fedha taslimu, fungu la vitambaa, fungu la madeni. Tangu mwaka wa sitini na nne liliongezeka fungu jengine dogo, limekaa peke yake pembeni. Lilikuwa la shilingi nne.

Rajabu ya mwisho kabla ya Mapinduzi, mtoto wao wa pekee, Shaame, alikopa kwa baba yake shilingi mia na sitini, anunue cherehani iliyokwishatumika akafungue kibanda chake Mkokotoni. Mkadam, kwa vile alivyo, alimwandika daftarini kama mteja yeyote. Shaame aliondoka Ijumaa moja baada ya sala, cherehani kaifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, na Jumapili yake nchi ikageuka. Hakuja mtu kusema nimemwona, wala kusema nimemzika. Mmoja alidai kamkuta Tanga, lakini ukimuuliza siku gani anababaika.

Rajabu iliyofuata kalamu ya Mkadam ilifika kwenye jina la mwanawe ikasita. Deni la mtu anayetarajiwa kulipa huhesabiwa ni mali na hutolewa zaka. Deni la mtu asiyejulikana alipo huachwa mpaka lirudi. Mkadam akaandika mbele ya jina: atalipa. Akahesabu shilingi nne, akaziweka pembeni.

"Na hizi za nini?" aliuliza Bi Wanu.

"Za deni la Shaame. Deni utakalolipwa hulitolea zaka."

Bi Wanu aliinuka akaenda jikoni, na muda si muda Mkadam akamsikia anaimba, jambo ambalo hakulisikia kwa miezi kumi.

Ikawa hivyo miaka saba. Wateja wa majoho na kanzu za darizi walikwishahama, kitambaa kikawa cha kuviziwa, na fundi aliyewashonea mabwana harusi akawa anatia viraka suruali za wachukuzi. Kila Rajabu mafungu ya mkekani yalipungua, isipokuwa lile la pembeni. Ukitaka kusema ule ulikuwa ujinga, sema. Lakini hujapata kumngoja mtu.

Rajabu ya mwaka wa sabini na moja iliandama katika kipupwe. Mchele ulikuwa wa kupigania foleni, na Bi Wanu hakuwa na nguvu za foleni tena. Alikula muhogo asubuhi na jioni, na bangili zake zilimtoka zenyewe akiosha vyombo. Mkadam alizisikia zikianguka, na roho ikamuuma.

Akahesabu. Fedha taslimu sitini na moja, vitambaa hamsini na mbili, madeni kumi na tano. Jumla mia na ishirini na nane, na kima cha mwaka ule kilikuwa mia mbili na arubaini. Ukimtia Shaame, mali inakuwa mia mbili na thamanini na nane, na Mkadam anatoa zaka. Ukimtoa, Mkadam mwenyewe ni maskini. Alirudia hesabu mara tatu, kisha akalitia daftari kwapani akenda msikitini.

"Sikukuuliza miaka yote hii," alisema Maalim Ame, "kwa sababu nlijua kwa nini unatoa. Lakini sheria haikulazimishi, Fundi."

"Na nikilifuta?"

"Ukilifuta, wewe si wa kutoa, ni wa kupewa. Upo mchele wa zaka ndani. Pishi tatu zako."

Masikio yalimwaka moto kwa aibu. Miaka thalathini mkono wake ulikuwa ndio unaotoa. Akazikumbuka bangili. Alikaa pale pale barazani pa msikiti, akaazima kalamu ya Maalim, akapiga mstari juu ya jina la mwanawe. Mchele aliupeleka nyumbani kwa vichochoro vya nyuma, kikapu kakifunika kwa koti lake.

Bi Wanu alikuwa kakaa kando ya mkeka kama alivyomwacha. Alipofunua kikapu uso ulimkunjuka.

"Mchele! Umeupata wapi?"

"Kwa Maalim. Mwaka huu hatutoi, tunapewa."

"Alhamdulillahi. Si aibu." Kisha macho yake yakenda pembeni mwa mkeka. "Na zile nne, Baba Shaame?"

"Nshakwambia, hatukufika kima."

"Nimesikia. Nakuuliza zile nne."

Mkadam alitafuta uongo, na yeye bingwa wa hesabu asiupate hata mmoja.

"Umemfuta," alisema Bi Wanu.

"Nimefuta deni tu, Mama Shaame. Nimefanya hivi upate kula."

"Ningekula muhogo." Hakulia wala hakupaza sauti. "Miaka yote iliyobaki ningekula muhogo." Akaivuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa kama wanavyojifunika wafiwa. "Basi nambie, hitma yake tunaisoma lini?"

Waliisoma Alkhamisi, baada ya alasiri. Mchele wa pishi tatu ulipikwa wote, ukawatosha watu wa msikiti na majirani. Mkadam alikaa karibu na mlango, akapokea mikono ya rambirambi mmoja mmoja, na kila aliyempa pole alimwona anatazama chini, pale mkeka wa hesabu ulipokuwa ukitandikwa.

Bi Wanu alipakua sahani zote kwa mkono wake. Ya mwisho ilipotoka ukumbini, alikaa kwenye kibao jikoni akala muhogo wake.