Pakiti Aliyoichagua Mama

Nilianza kukusanya viholda vya funguo nikiwa na miaka thelathini na minne, mwalimu, mke wa mtu. Ninalisema mapema kwa sababu watu wakiona vile vikatuni vya mpira kwenye nondo za dirisha langu, swali la kwanza ni, "Vya mtoto?" Sina mtoto bado. Ni vyangu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Getanuwas, na mume wangu, mwalimu pia, alikuwa upande wa Mbulu. Barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa imeingia mwaka wa tatu bila jibu. Jumamosi nikipata usafiri nilikwenda Katesh kununua mahitaji, na duka nililolizoea lilikuwa la mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Kondoa, yeye akazaliwa hapohapo mjini. Siku moja nikaona kwenye kaunta yake boksi la pakiti ndogo nyeusi, zimezibwa, zimechorwa mashujaa wa katuni: huyu ana mabawa, huyu amevaa barakoa, huyu mwili wote chuma.

"Shikamoo mama. Hivi ni nini?"

"Marahaba mwalimu. Viholda vya funguo. Ila huchagui. Ndani yumo mmoja, na humjui mpaka ufungue."

Nikacheka, nikanunua. Nilifungua nimesimama palepale. Akatoka mwanamke mwenye joho jekundu, urefu wa kidole gumba, amekunja ngumi. Nimefikiri sana kwa nini kitu kidogo vile kilinifurahisha. Nadhani ni kwa sababu miaka yote ile sikuwa nimefungua bahasha iliyonijibu. Pakiti ilijibu papo hapo, hata kama jibu lenyewe lilikuwa mpira.

Nyuma ya pakiti walichorwa wote kumi na wawili. Mwaka ulipoisha nilikuwa na kumi na mmoja, na yule wa barakoa nilikuwa nimempata mara tano. Ambaye hakutoka kabisa ni mmoja mwenye masikio marefu kama ya punda. Sijui aliyemchora alikuwa anawaza nini. Mume wangu akipiga simu aliuliza, "Mwenye masikio amefika?" Nikisema bado, anauliza, "Na barua?" Tunacheka wote.

Ndipo mama yangu akaja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na ndugu zangu wakaona aje kwangu nimpeleke hospitali. Alishuka kwenye basi Katesh na kiroba cha maharage na vitunguu saumu, maana haendi mahali mikono mitupu, hata kwa bintiye. Nikampitisha dukani apumzike. Mwenye duka akampa shikamoo na kiti na chai, wakaulizana habari za mvua, za mifugo, za watoto, mpaka zikaisha. Mimi nikasogea kwenye boksi.

"Unatafuta nini humo?" mama aliniuliza kwa Kiiraqw.

Nikamweleza, kwa aibu kidogo. Huyu ndiye aliyenisomesha kwa jembe.

"Unanunua usichokiona?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mbuzi wa mnadani unamshika mgongo kwanza. Lete hapa."

Akachukua pakiti, akaiminya taratibu, uso ameuinua kama anayesikiliza. Vidole hivyo vimechambua mbegu za maharage tangu sijazaliwa, yeye akiongea na watu wala haangalii ungo. Akaiweka pembeni. "Huyu ana kofia." Akachukua nyingine. "Huyu ana mabawa."

Mwenye duka akataka kujua anasema nini. Nilipomtafsiria, akashika kiuno kwa kicheko. "Mama, utaniharibia biashara!"

"Nisamehe mwanangu," mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha polepole. "Macho yamekataa. Mikono bado."

Ya saba au ya nane hakuiweka. "Masikio," akasema, akaninyooshea.

Nikasita. Mwaka mzima nilikuwa nimejiambia namtafuta huyu, kumbe nilichokipenda ni ile dakika ya kutojua. Sikuweza kumweleza hilo. Nikalipa, nikamwambia aifungue mwenyewe. Akaichana kwa meno, na mwenye masikio akatoka.

Nilinyoosha mkono. Mama hakuuona, au hakutaka kuuona. Alimpapasa yule kiumbe masikio, akafungua pindo la khanga yake, akatoa ufunguo wa ghala, akaanza kuhangaika na pete ya kile kiholda.

"Ufunguo huu unanipotea kila siku tangu macho yaharibike," akasema. "Huyu nitamjua kwa kumshika."

"Mama, huyo ndiye niliyekuwa namtafuta."

"Si umemwona sasa?"

Mwenye duka alinitazama aone nitafanya nini. Nilikuwa nimekasirika, kweli, kama mtu aliyenyang'anywa. Lakini pete ilikuwa ngumu na vidole vyake vilikuwa vinateleza, nikaichukua nikamwingizia ufunguo, nikamrudishia. Akaufunga tena kwenye pindo.

Wiki iliyofuata alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Walipomwondolea bandeji alinitazama mimi kwanza, akasema nimekonda. Kisha akatoa ufunguo, akamsogeza yule karibu na jicho, akamkagua mbele na nyuma.

"Kumbe ana sura mbaya hivi!"

"Basi nirudishie."

"Hapana. Tumeshazoeana."

Akaondoka naye kurudi nyumbani. Mimi bado nafungua pakiti mojamoja nikifika Katesh, na siziminyi. Majuzi mama alinipigia akitoka mashine ya kusaga. Wanawake wenzake walikuwa wamemzunguka wakiuliza huyo mwenye masikio ni nani.

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia simjui kwao. Ila tangu aje, ghala silitafutii ufunguo."