Damu Aliyoizuia Mjomba

Kwetu, vijiji vya huku Kilambo, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anazaa, mjomba anaamua. Ndiyo maana binti yangu wa miaka minne alipopelekwa Dar es Salaam kuzibwa tundu la moyo, niliongozana na mjomba wangu na kaka zangu wawili. Mume wangu na ndugu zake walitaka kuja kuchangia damu. Mjomba akawakatalia.

"Mtoto wetu, damu yetu."

Nilinyamaza. Kosa langu hilo, silifichi.

Hospitalini nesi akatueleza kwamba watoto wa upasuaji huu hupoteza damu nyingi, kwa hiyo ndugu watangulie kuchangia. Mimi nilipimwa, nikaambiwa damu yangu ni ndogo. Mjomba akakunja mkono wa shati.

"Hii yangu mtaiandika jina la mtoto?"

"Hapana, mzee. Inapimwa, inaingia benki ya damu, anapewa yeyote inayemfaa."

"Yaani apewe mtu nisiyemjua?"

"Na mjukuu wako atapewa ya mtu asiyemjua. Ndivyo inavyokwenda."

Akashusha mkono wa shati. Kaka zangu nao wakashusha. Wanaume wazima!

Alasiri, baada ya upasuaji, nilimwona mwanangu kupitia kioo. Alikuwa na mrija kifuani, damu ikishuka kwenye chombo chini ya kitanda, haikatiki. Daktari akasema ya kundi lake imebaki mfuko mmoja tu benki. Nikamfuata mjomba nje. Alikuwa kwenye benchi anatafuna korosho.

"Mjomba, mtoto anakwisha."

"Tumwombe Mungu, mwanangu."

"Mungu si kakupa mkono wenye mshipa?"

"Shule imekuharibu adabu."

Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakaufunga mshipa uliokuwa unavuja, wakamwekea mfuko ule wa mwisho. Akapona.

Mfuko ule ulikuwa umewekewa mtoto wa kitanda cha pili, aliyefanana naye kundi, afanyiwe upasuaji kesho yake. Akaahirishwa. Mama yake nilikuwa nagawana naye uji. Tangu siku ile hakunisemesha. Tuliporuhusiwa, mwanawe alikuwa bado anangoja, midomo imegeuka bluu.

Nyumbani mjomba alimnyanyua binti yangu mbele ya watu. "Damu yetu hii!"

Nikamnyang'anya mtoto. Nikawaambia wote damu hiyo ni ya nani, na nani alishusha mkono wa shati. Mjomba hajanisemesha tena. Sijui kama yule mtoto mwingine alifanyiwa. Namba ya mama yake ninayo. Naogopa kupiga.